Sukari ya Mama Kabla ya Chai

Jumatatu, 18 Novemba 2024

Muuguzi Zuhura wa kliniki ya sukari amenipa kazi. Kila asubuhi, mama akiwa hajanywa chai, nimtoboe kidole, niweke tone la damu kwenye kipimo, niandike namba. Kisha niandike alikula nini jana, alilala vipi, na kama kuna jambo lolote nyumbani.

"Usichague cha kuandika, Mama Germaine," aliniambia. "Andika yote. Minye njo nitachagua." Yeye ndiye atakayechagua, mimi niandike tu.

Basi nimeanza. Namba ya leo ni 134; Zuhura anataka isipande juu ya 130. Jana alikula samaki wa kuchemsha na mboga ya lengalenga, na ugali wa bukari kiasi cha ngumi. Alilala vizuri.

Jambo la nyumbani: hakuna. Tuko wawili tu hapa mtaa wa Kikula, vyumba viwili na baraza ninaposhonea. Mume wangu alifariki, mtoto sikujaliwa; "Mama" ya Zuhura ni ya heshima tu. Mama ana miaka sabini na mitano, na ameishi kwangu miaka tisa, tangu sukari ilipompata. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayempikia, ninayempa vidonge vyake. Kaka yetu mkubwa, Alphonse, anaendesha lori huko Kolwezi na hupiga simu Jumapili. Mdogo wetu, Suzanne, yuko Lubumbashi na hutuma picha.

Jumatano, 20 Novemba

131. Mvua tangu alfajiri. Umeme hakuna, nimeshona kwa mashine ya miguu.

Jumamosi, 23 Novemba

136. Mengine yote ni kama juzi.

Jumatano, 27 Novemba

129. Suzanne amepiga simu. Upepo umeng'oa mabati ya nyumba anayopanga na mwenye nyumba anasema hatengenezi mpaka mvua ipungue. Atakuja kukaa kwetu. Mama aliposikia alisimama kutoka kwenye kiti bila fimbo. Kwa miaka miwili sijamwona akisimama bila fimbo.

"Mushonee shuka mupya, Germaine," akasema. "Yenye maua."

Nimeshona. Maua mekundu, pindo mbili. Mama ameigusa na kusema ni nzuri, halafu akauliza kama Suzanne atapenda nyekundu.

Jumamosi, 30 Novemba

Amefika na masanduku matatu. Bado ana kiuno cha msichana na ana miaka arobaini na moja. Mama alimshika uso kwa mikono yote miwili na kulia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao nimebeba masanduku.

Jumanne, 3 Desemba

122. Ndiyo namba ya chini kuliko zote tangu nianze kuandika. Nilimpigia Zuhura simu kumwambia, akafurahi, akauliza kuna nini kipya nyumbani. Nikasema hakuna.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua, ila sitaki kuandika.

Jumapili, 8 Desemba

124. Baada ya ibada Suzanne alimkalisha mama barazani akamsuka nywele. Wakati anamsuka, mama alimsimulia jinsi alivyokuwa msichana akiogelea mtoni Lufira na binamu zake, akavuka mpaka ng'ambo na kurudi, na babu akamchapa kwa fimbo kwa sababu ya mamba. Walicheka mpaka mama akaanza kukohoa.

Miaka tisa namwogesha mwanamke huyu. Naujua kila mkunjo wa mgongo wake. Sikuwahi kujua kwamba anaweza kuogelea.

Nilimuuliza jioni, "Mama, juu ya nini haukunielezaka ile ya Lufira?"

Akafikiri. "Haukuniulizaka," akasema. "Weye uko na kazi mingi, mwana."

Alhamisi, 12 Desemba

130. Jana Suzanne alipika. Kuku wa kuchemsha na nyanya, bila mafuta. Mama alisema tamu. Chakula changu hakisifiwi, kinaliwa tu.

Ijumaa, 13 Desemba

133. Jana nilipika mimi. Samaki nilimkaanga mpaka ngozi ikapasuka, sombe ya majani ya muhogo nikaitia karanga na mafuta ya mawese kama mama mwenyewe alivyokuwa akitufundisha zamani, kabla ya kliniki na masharti yake. Mama alilamba vidole. Akaniita "mupishi wangu". Suzanne, ambaye huniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, alikula akasema, "Yaya, ni tamu, lakini mafuta si ni mingi kwa mama?"

Nikamwambia ugonjwa ni wa sukari, si wa mafuta. Miaka tisa nimeuishi huu ugonjwa, yeye ana siku kumi na tatu.

Jumatano, 18 Desemba

151. Samaki wa kukaanga tena. Sukari sijatia popote.

Jumamosi, 21 Desemba

158. Kuna kitu. Mimi chakula cha mama nakipima kwa jicho, vidonge nampa kwa mkono wangu. Kilichoongezeka nyumbani ni mtu mmoja.

Jumatano, 25 Desemba

166. Krismasi. Tulikula mbuzi. Suzanne alimnunulia mama kitenge, nami nilikuwa nimeshamshonea gauni. Mama alivaa gauni na kujifunga kitenge juu yake, gauni likafichika. Kanisani watu watatu walisifu kitenge.

Jumapili, 29 Desemba

171.

Jumamosi, 4 Januari 2025

183. Leo tumegombana kwa sababu ya beseni la maji.

Kila asubuhi, saa mbili, mimi namwogesha mama. Leo nilichelewa kidogo kwa sababu mteja alikuja kuchukua sare za kwaya. Nilipoingia bafu la nyuma ya nyumba, Suzanne alikuwa amekwisha kumvua mama nguo na anammwagia maji.

"Acha," nikasema.

"Yaya, ulikuwa na muteja. Nilikusaidia tu."

"Sikuomba musaada. Ile ni kazi yangu."

"Mama si kazi," akasema.

Nilishika beseni upande mmoja, yeye akashika upande mwingine. Wanawake wazima wawili. Maji yakamwagika kwenye miguu ya mama, naye ameketi kwenye kigoda chake, uchi. Suzanne aliachia kwanza. Mama akaomba nguo yake.

"Nitajiogesha minye mwenyewe," akasema. "Nyinyi wote wawili, tokeni."

Jumatatu, 6 Januari

190. Mama bado anajiogesha peke yake na kufunga mlango. Anavaa soksi mchana kutwa, anasema mvua inamletea baridi. Amelala vibaya.

Alhamisi, 9 Januari

204. Nimekwenda kliniki peke yangu kuchukua vidonge, mama nimemwacha nyumbani. Zuhura hakupenda namba. Ni Mwislamu wa watu wa Kindu, mpole, hana kelele, lakini akikutazama unajisikia umeiba. Akaniuliza, "Anakula kitu kingine?" Nikamjibu kwamba mdogo wangu amekuja na simwamini. Akasema nimlete mama wiki ijayo. Nikasema mvua ikituachia.

Nyumbani nimelifungia kopo la sukari kabatini na ufunguo nimeuvaa shingoni. Suzanne ameuona.

Jumamosi, 11 Januari

219. Nimepata. Nilipokuwa nafagia chumba cha mama nilikuta chupa ya soda nyuma ya kitanda. Tupu. Niliishika mkononi na moyo wangu ukarukaruka kama wa mtu aliyesikia habari njema. Nataka kuandika ukweli kama Zuhura alivyosema: nilifurahi. Sukari ya mama ni mia mbili kumi na tisa, na mimi nilifurahi.

Jumapili, 12 Januari

226. Alphonse alipiga simu baada ya ibada. Nilikwenda nayo mpaka kwenye ukuta wa jirani ili wasinisikie. Nilimweleza namba zote tangu Novemba, moja moja. Nilimweleza kuhusu chupa. Nikasema Suzanne anataka mama ampende, ndiyo maana anampa vitu vitamu kwa siri, na kwamba atamuua.

"Ulimuona anamupa?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

Sikumwona. Nilisema ndiyo.

Jumanne, 14 Januari

248. Mama hali vizuri. Anakunywa maji sana. Jana nilimkaangia samaki wadogo wakavu anaowapenda, akala wawili, akasukuma sahani.

Alhamisi, 16 Januari

287. Mvua haijatuachia, kliniki hatujaenda.

Jumamosi, 18 Januari

301. Alphonse alimpigia Suzanne simu saa nne asubuhi, mama akiwa ameketi katikati yetu. Suzanne hakujua kinachokuja, akaweka sauti kubwa ili mama amsikie mwanawe. Na mama alimsikia. Alphonse alisema Suzanne arudi Lubumbashi kabla ya mwisho wa wiki ijayo, akalale hata kwa mchungaji, kwa sababu dada yake amemwona akimpa mama soda.

Suzanne akanigeukia. "Uliniona, yaya?"

Nikaenda kuleta chupa. Nikaiweka mezani.

Aliitazama, akasema hajawahi kumpa mama soda, nami nikamkatiza. Halafu akaanza kusema, kwa sauti ya chini kwanza, kisha kubwa, na mimi nikapandisha yangu. Alisema mimi ninamweka mama kama kuku kwenye kizimba. Nikamuuliza miaka tisa alikuwa wapi, yeye aliyekuwa akituma picha za saluni na keki. Akasema kila alipotaka kuja nilimwambia hakuna nafasi. Hilo ni kweli. Nikamwambia mume wake alimkimbia na sasa anatafuta mtu wa kumbembeleza. Hilo sikupaswa kulisema. Mama alikuwa akisema, "Batoto, batoto," na hakuna aliyemjibu.

Mchana Suzanne alianza kupanga masanduku. Nilipaswa kuona raha.

Jumatatu, 20 Januari

Naandika haya hospitalini, kwenye benchi.

Asubuhi nilikwenda kumtoboa mama kidole, nikamkuta amefumbua macho lakini hanioni. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Ulimi ulikuwa mkavu kama kitambaa. Kipimo kilionyesha 468. Nilipiga kelele, Suzanne akaja mbio. Alimshika mabegani, mimi miguuni, na nilipomshika miguu mama alilia kwa maumivu, nami nikasikia harufu.

Nilivua soksi ya kushoto. Kidole kidogo kilikuwa cheusi, na kidonda kilikuwa kimetambaa mpaka ukingo wa unyayo. Si kidonda cha jana. Ni cha wiki mbili.

Jirani yetu Ambroise alitupeleka kwa gari lake kwenye mvua. Njiani Suzanne alimpakata mama kichwa na mimi nilimshika ule mguu. Daktari amemtundikia maji na wanampa insulini. Hajui kama ataamka vizuri. Ametuuliza, "Nani anamuogesha?"



Jumanne, 21 Januari

352 saa sita mchana. Bado anaweweseka.

Jumatano, 22 Januari

261. Ameomba maji na amemtambua Suzanne. Baada ya dakika chache amenitambua na mimi. Ndiyo, nimehesabu hizo dakika.

Ijumaa, 24 Januari

Leo Zuhura alishuka kutoka kliniki kumwona mama. 178. Mama yuko na akili zake zote. Zuhura alimuuliza mbele yetu kuhusu mguu, kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za jirani.

Mama alitazama dari. Alisema kiatu kilimchuna mapema Januari. Alitaka kuonyesha.

"Lakini ningeonyesha Germaine, Suzanne angesikia vibaya," akasema. "Ningeonyesha Suzanne, Germaine angemukatalia. Nikasema nitajifungia mwenyewe. Nilijifunga na kitambaa."

Suzanne alitoka nje. Mimi nilibaki.

"Na ile chupa ya soda?" nikauliza. Nilitaka iwepo sababu nyingine. Niliitaka sana.

"Ilikuwa ya maji," mama akasema. "Suzanne alinijazia maji ya kuchemsha nimezee vidonge usiku. Kikombe kinaniangukaka."

Zuhura alinichukua mpaka ukumbini. Nikampa daftari hili, kwa kuwa ndiye aliyeliomba. Alilisoma amesimama, akilamba kidole kila anapofungua ukurasa. Alisoma yote, na furaha yangu juu ya chupa, na uongo wangu kwa Alphonse. Nilitamani sakafu ile inimeze.

Halafu akaniuliza, "Mama Germaine, mama hakulaka sukari. Sasa ile sukari ya asubuhi, kabla ya chai, ilitoka wapi?"

Nikasema sijui.

"Ilitoka kwenye ini yake."

Akaketi, akanieleza, nami naandika kama nilivyoelewa. Ini linahifadhi sukari na linaweza pia kuitengeneza. Mtu akilala bila kula, ini ndilo linalolisha ubongo mpaka kupambazuke, na insulini ndiyo inayoliambia imetosha. Kwa mama insulini ni dhaifu. Mafuta yanapokuwa mengi, kila siku kukaanga, kila siku mawese, yanajaa kwenye damu na kwenye ini lenyewe. Ini lenye mafuta haliisikii tena insulini vizuri, na wakati linayachoma hayo mafuta linapata nguvu ya kutengeneza sukari zaidi.

"Na ile ingine?" nikauliza, maana aliinua vidole viwili.

"Ile ingine ni woga. Muntu akiogopa, akikasirika, akikosa usingizi, akiwa na kidonda kinachooza, mwili unatoa homoni. Adrenalini. Kotisoli. Inaambia ini: kuna hatari, toa sukari, huyu muntu atakimbia. Tena inayeyusha mafuta ya mwili, inayapeleka kwenye ini, na ini inazidisha." Akafunga daftari. "Mama yenu hakimbie. Iko tu pale kwenye kiti, katikati yenu. Ile sukari inabakia kwenye damu. Na sukari ikizidi, kidonda hakiponi. Kidonda kikioza, ini inatoa tena."

"Basi ni minye."

"Sikusema vile. Kuna umri, kuna kongosho yake, kuna mvua, kuna kiatu. Minye ni muuguzi, si hakimu." Akanirudishia daftari. "Lakini uliandika vizuri. Nilikwambia usichague, na haukuchagua. Rudi usome."

Jumamosi, 25 Januari

165. Nimesoma.

Tarehe tatu Desemba, 122: siku tatu baada ya Suzanne kufika. Namba nzuri kuliko zote ilikuja na yeye. Tangu tarehe kumi na mbili nilianza kukaanga. Tangu beseni, namba haikushuka hata siku moja mpaka tulipofika hospitalini. Niliandika yote kwa mkono wangu, kila asubuhi, na nilikuwa nikimtafuta mwizi.

Jumatatu, 27 Januari

Wamemkata kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Mguu umebaki. Daktari alisema tungechelewa siku tatu angekata hapa, na akaonyesha chini ya goti.

Suzanne na mimi tulisubiri kwenye benchi moja. Alikuwa amenunua mkate, akaumega, akanipa nusu bila kunitazama. Nikala. Nilitaka kumwomba msamaha, na nikamwambia tu kwamba mkate ni mkavu.

Jumapili, 2 Februari

149. Mama amerudi nyumbani jana. Alphonse amekuja kutoka Kolwezi, na alikuja na hasira kwa Suzanne. Aliketi barazani na kofia kichwani. Suzanne alisimama karibu na masanduku yake, ambayo hakuyafungua tangu siku ile.

Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengi. Nilisema machache.

"Yaya Alphonse, nilikudanganya. Sikumuona Suzanne anamupa mama soda. Ilikuwa chupa ya maji. Na samaki ya mafuta ni minye nilipika, kila siku, juu mama asifu minye."

Alphonse alivua kofia. "Juu ya nini, Germaine?"

"Wivu," nikasema.

Ni neno fupi sana. Nilidhani litakuwa gumu zaidi kulitoa. Alphonse aliniambia mambo ambayo sitayaandika, na alikuwa na haki. Mama alikuwa amelala chumbani, mlango wazi, na ninajua hakuwa amelala. Suzanne ndiye aliyemnyamazisha.

"Yaya, inatosha," akamwambia. "Mama anasikia."

Sikutegemea anitetee. Wala hakunitetea mimi. Alikuwa anamtetea mama. Nimeiona tofauti hiyo, na nimemwonea wivu hata kwa hiyo.

Jumanne, 4 Februari

144. Nimemfundisha Suzanne kusafisha kidonda. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Mama hakukunja uso hata mara moja.

Ijumaa, 7 Februari

147. Maharage, matembele, samaki wa kuchemsha. Mama ameuliza kama mafuta yamekwisha dukani.

Alhamisi, 13 Februari

141. Suzanne aliniuliza kama ni kweli nilikuwa namwambia hakuna nafasi. Nikasema ni kweli. Akauliza kwa nini. Nikamwambia mama akimwona yeye, mimi nageuka kuwa mtu wa kubeba masanduku.

Kisha akasema, "Na minye, kila nikipiga simu, mama anasema Germaine tu. Germaine alinishonea, Germaine alinipeleka. Mara ingine nilikuwa nakata simu na kulia, yaya. Njo maana nilikuwa natuma picha za keki."

Nilimtazama kama mtu niliyekutana naye leo.

Jumanne, 18 Februari

152. Tulibishana kidogo kuhusu dawa ya kidonda, sauti zikaanza kupanda. Suzanne akaniashiria, tukatoka mpaka barabarani na kubishana kule, kwenye tope, tukinyeshewa. Mama Kadidja muuza mkaa alidhani tumepatwa na msiba.

Jumatatu, 24 Februari

138.

Jumamosi, 8 Machi

133. Kidonda kinafunga taratibu. Mvua imekuwa ya mchana tu.

Ijumaa, 14 Machi

Mwenye nyumba wa Suzanne amepiga mabati mapya. Suzanne anaweza kurudi. Na Zuhura ametuambia kwamba Lubumbashi, karibu na mtaa wa Suzanne, kuna kliniki inayotunza miguu ya watu wa sukari, na ingefaa mama akae kule mpaka kiangazi kiishe.

Mama aliulizwa. Alisema, "Germaine njo atasema."

Jioni nzima nimelifikiria jibu. Nilikuwa na sababu nzuri: barabara ina mashimo, mama ni mzee, vidonge vyake ninavijua mimi. Zote ni za kweli. Nikisema abaki, atabaki, hata Alphonse hatanipinga.

Jumamosi, 15 Machi

157. Mama alilala vibaya, akingoja jibu langu. Asubuhi nilimwambia aende.

Alinishika mkono, akaugeuza, akatazama vidole vyangu vilivyotobolewa na sindano za cherehani. "Miaka kenda," akasema. "Ninajuaka, Germaine. Sisemaka, lakini ninajuaka."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Jumatano, 19 Machi

136. Nimemwandikia Suzanne karatasi: vidonge, saa, chakula. Nimeandika pia kwamba mama hapendi kuogeshwa kwa maji ya vuguvugu, anataka ya moto kabisa, na kwamba akisema hana njaa aachwe nusu saa. Nilisita kwenye hilo la maji. Ningeweza kulibakiza liwe langu. Nimeliandika.

Jumamosi, 29 Machi

127. Wameondoka saa mbili asubuhi kwa gari la Alphonse. Mama aliketi mbele na mguu juu ya mto. Hakulia. Mimi pia sikulia mpaka gari lilipokata kona.

Nyumba ilikuwa kimya mno. Sikushona. Nilijilaza mchana, jambo ambalo sijalifanya tangu ujana wangu, na nikalala mpaka saa tisa.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Suzanne. Wamefika salama, mama amekula, amemeza vidonge, ameuliza kama nimefunga mlango wa nyuma. Nyuma yake nilimsikia mama akimsimulia mtu fulani jambo, kisha akacheka, kile kicheko cha mpaka kikohozi, na Suzanne naye akacheka huku ameshika simu. Sikujua wanacheka nini. Iliniuma palepale, chini ya mbavu, kama zamani.

Sikukata simu. Nilingoja mpaka walipomaliza, kisha nikasema, "Nielezeni na minye."